Walimu wa Migori na Homa Bay wafunzwe mazingira yaliyo mlangoni mwao

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu katika nchi nzima ya Kenya. Wote walikuwa katika Mbuga ya Ruma, Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Simzungumzii yule ndege mwenye miguu mirefu anayeitwa kwa jina hilo hilo, bali swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma na uso wenye mabaka meusi na meupe. Katika miaka ya 1970 bonde hilo lilikuwa na korongo wapatao 200. Waliosalia hawatoshi kujaza nusu ya darasa la shule ya msingi.

Swali langu kwa wakuu wa elimu ni hili: ni walimu wangapi wa Homa Bay, na wa kaunti jirani ya Migori, waliowahi kufunzwa jinsi ya kumsomesha mtoto habari za mnyama huyu na za ardhi anayoishi?

Wala simlaumu mwalimu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeyapa mazingira nafasi yake tangu madarasa ya chini. Lakini kitabu cha kiada huandikwa kwa ajili ya nchi nzima, na hakiwezi kueleza kila bonde na kila mto. Anayepaswa kuliziba pengo hilo ni mwalimu, naye hawezi kutoa asichopewa.

Tulitazame Bonde la Lambwe lenyewe. Kwa miaka mingi mbung'o na ugonjwa wa malale viliwafanya watu na ng'ombe wasikae huko kwa wingi, na wanyamapori wakapata kimbilio. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi mwaka 1966, likawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Katika miaka ya 1980 dawa ilinyunyizwa kutoka angani ili kumwangamiza mbung'o, na juhudi za kumdhibiti zikaendelea kwa mitego na dawa za mifugo. Mwezi Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, adui wa binadamu anapoondoka, mashamba husogea hadi ukingoni mwa mbuga, na mitego ya waya hufuata. Hapo mwalimu ana somo la sayansi, la historia na la uraia kwa pamoja, nalo liko umbali wa matembezi tu kutoka shule nyingi za Lambwe.

Migori nako masomo hayakosekani. Huko Nyatike wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, na mtoto anayeishi karibu na vinu vya kusagia mawe anapaswa kujua sumu hiyo hupitia wapi hadi imfikie samaki, kisha binadamu. Huko Kuria ukaushaji wa tumbaku umekula miti kwa miongo mingi. Mto Kuja, unaochukua pia maji ya Mto Migori, hubeba udongo wa milimani hadi Ziwa Viktoria, na mvua zikizidi hufurika katika nyanda za Nyatike. Mwanafunzi anayefukuzwa nyumbani na mafuriko hana haja ya kukariri maana ya mmomonyoko. Anahitaji mwalimu wa kumwonyesha kwamba udongo ulioingia kwao ulianza safari katika kilima kilichokatwa miti.

Haya si mawazo mapya. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori shuleni. Mwaka 1977 mkutano wa mataifa uliofanyika Tbilisi ulisisitiza kwamba elimu ya mazingira iingizwe katika mafunzo ya walimu. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Tumepungukiwa na utekelezaji, wala si maazimio.

Nimewahi kuketi katika semina ya siku mbili ambapo walimu tulisomewa karatasi ndani ya ukumbi, tukapewa vyeti na nauli, tukaondoka bila kugusa jani wala kuona unyayo wa mnyama. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mafunzo ya aina hiyo hayamfikii mtoto wa Lambwe wala wa Nyatike.

Ugumu mwingine ni kwamba wenye dhamana ni wengi. Mwalimu ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, mbuga iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, mtaala uko Nairobi, na kaunti zimekabidhiwa elimu ya chekechea. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapana budi pande hizi ziketi pamoja na kugawana kazi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafunzo yafanywe papo hapo wakati wa likizo. Vyuo vya ualimu vya Asumbi na Migori vipo, na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya vipo. Walimu wapewe siku kadhaa mbugani, mtoni na machimboni, kisha waandae masomo yao wenyewe kutokana na waliyoyaona. Pili, mwalimu asitozwe gharama hizo. Mafunzo ya walimu kazini yaliyozinduliwa mwaka 2021 yalizua malalamiko mengi kwa sababu mwalimu alitakiwa kujilipia, na kosa hilo lisirudiwe. Tatu, mafunzo hayo yahesabiwe katika kupandishwa cheo, ili mlezi wa klabu ya mazingira asionekane mtu wa kupoteza muda.

Wako watakaosema kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kufikiria swala, na kwamba mzazi anayelala njaa hatajali mti. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mvuvi wa Mbita, mkulima wa Ndhiwa na mchimbaji wa Macalder wote wanakula kutokana na mazingira hayo hayo. Yakiharibika, maskini ndiye wa kwanza kulala njaa.

Walinzi wa mbuga hulinda ua, lakini mtego wa waya hutegwa na mtu aliyewahi kuketi darasani. Korongo hao wachache hawawezi kuwangojea wakuu wetu wamalize vikao vya miaka kumi. Likizo ijayo ingefaa iwakute walimu wa Migori na Homa Bay wakiwa Lambwe, daftari mkononi.