JE, TUNAJUA TUNAKUBALI NINI?

Sikuja kumgombeza mtu. Nataka kuzungumzia kitu kidogo sana ambacho huonekana kwenye simu wakati mtu ananunua bidhaa kwa mtandao. Ni kile kijisanduku kinachosema kwamba umeyasoma masharti ya matumizi na umeyakubali. Maoni yangu ni kwamba sisi watu wa Amagoro na Malaba, ambao twajisifu kuwa tumezaliwa sokoni, tunakubali mambo tusiyoyajua.

Hapa kwetu biashara si jambo geni. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu huu, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Mtu wa hapa akienda Malaba kununua viatu vya mitumba, atavigeuza, atavikunja, atavuta soli, atataja nusu ya bei, kisha atajifanya anaenda zake mpaka aitwe. Akibadilisha pesa, atazihesabu shilingi za Uganda mara mbili papo hapo kabla ya kuondoka. Sasa mtu huyo huyo mjanja akishika simu anakuwa kondoo. Anabofya tu. Ukimwuliza amebofya nini, anakwambia, "Wewe nawe! Nani husoma hayo?"

Mama yangu mdogo hupika chapati karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Mwaka jana aliagiza blenda kwa shilingi 3,200 ili aanze kuuza na maji ya matunda. Ilipofika, haikuzunguka. Yeye, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, aliipeleka kwa fundi wa redio. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Mama mdogo alipoirudisha aliambiwa mambo mawili. La kwanza, kifaa kilichofunguliwa na fundi wa nje hakipokelewi. La pili, eti kampuni yenye tovuti haikumwuzia kitu; aliyemwuzia ni mtu mwingine kabisa. Akauliza, "Mtu gani? Mimi pesa nilituma kwenu!" Akaonyeshwa masharti. Yote mawili yalikuwa yameandikwa humo, na yeye alikuwa ameyakubali. Ile blenda sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama televisheni ya mgeni.

Basi nikaamua kuyasoma mwenyewe. Nilienda saiba nikachapisha masharti ya tovuti hiyo, yakatoka kurasa 19. Kila ukurasa ni shilingi 10. Piga hesabu uone mandazi mangapi yamekwenda! Nilisoma kwa siku nne nikiwa na kamusi, na nawaambieni Kiingereza kile si kile cha kwenye vitabu vyetu vya hadithi. Sentensi moja inaanza juu ya ukurasa na kuishia chini.

Lakini ukivumilia unaelewa. Kubwa nililoelewa ni hili: tovuti nyingi za aina hii ni soko, si duka. Kaunti hutoza ushuru sokoni lakini haiuzi vitunguu. Vitunguu vikioza, unamtafuta mama aliyekuuzia. Vivyo hivyo mwenye tovuti huwapa wauzaji wengi mahali pa kupanga bidhaa zao, naye huchukua kitu kidogo. Jina la muuzaji halisi huwa limeandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo karibu na picha, na hilo ndilo jina la kutazama kabla ya kutazama bei. Tovuti nyingine, kama Jiji, ni za matangazo tu. Zenyewe huwaonya watu wasilipe kabla ya kukutana na muuzaji na kukiona kitu. Onyo liko wazi, lakini watu bado wanatuma pesa kwa mtu asiyejulikana ati kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Jambo lingine ni kwamba ule ujumbe wa "tumepokea oda yako" si lazima uwe na maana kuwa wamekubali kukuuzia. Wanaweza kusema bei ilikosewa wakaifuta oda. Tena wamejipa ruhusa ya kubadilisha masharti wakati wowote, na ukiendelea kutumia tovuti unahesabiwa kuwa umekubali mapya. Hebu fikiria mwenye nyumba anayebadilisha kodi usiku, halafu asubuhi ukiamka bado umo ndani anasema umekubali! Sheria ya nchi gani itatumika mkigombana? Hilo nalo limo. Amazon, kwa mfano, imeandika kwamba ni sheria za jimbo la Washington kule Marekani. Kutoka Amagoro hadi huko ni nauli gani hiyo?

Na sisi wa kidato cha tatu je? Tovuti nyingi husema mnunuzi awe na miaka 18, au awe na mzazi. Nchini Kenya utu uzima huanza miaka 18. Mimi nina 16. Kwa hiyo wenzangu wanaoagiza raba na saa kwa simu ya ndugu zao wajue kuwa kabla hata viatu havijafika, tayari wamesema uongo kwa kubofya.

Rafiki yangu mmoja tunayekaa dawati moja ananipinga. Yeye anasema hakuna mtu duniani anayesoma masharti, hivyo kulalamika ni kupoteza wino. Kuhusu kutosoma, nakubaliana naye. Tarehe 1 Aprili 2010, duka moja la michezo ya kompyuta kule Uingereza, GameStation, lilitia katika masharti yake kifungu kinachosema mnunuzi analipa duka roho yake. Wanunuzi kama 7,500 walikubali. Ilikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, na roho hazikuchukuliwa. Lakini kama Waingereza wenyewe, ambao lugha ni yao, hawakusoma, mama mdogo angesomaje? Hapo ndipo naachana na rafiki yangu. Yeye anaona kwamba kwa kuwa hakuna asomaye, tunyamaze. Mimi naona kwamba kwa kuwa hakuna asomaye, walioandika ndio wa kubanwa.

Tena sheria yetu inatuunga mkono kuliko tunavyodhani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji, na fidia akipata hasara. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, nayo inataja kabisa mapatano ya mtandaoni. Inasema muuzaji akupe habari muhimu kabla ya kupatana, na akupe nafasi iliyo wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa. Asipofanya hivyo, unaweza kuvunja mapatano hadi siku 7 baada ya kupokea nakala yake. Aidha, haki hizo hazifutwi na karatasi ya muuzaji hata kama umeikubali. Mwalimu wetu wa somo la Biashara alitueleza kwamba hata kile kibao cha dukani kisemacho "mali ikiuzwa hairudishwi" hakimwokoi mwenye duka aliyeuza kitu kibovu. Nilipoyasikia haya nilitamani kumtoa mama mdogo kwenye chapati zake siku hiyo hiyo. Ziko pia Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, zinazosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Zinatakiwa kumaliza kesi katika siku 60. Lakini kwa blenda ya shilingi 3,200 wengi wetu tutahesabu nauli na kukata tamaa, nami siwalaumu.

Ndiyo maana nasema dawa ni kuelewa kabla ya kulipa, na hapa chama chetu kina kazi. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Matangazo ya kutuvutia tunaandikiwa kwa Kiswahili, tena kitamu, na hata Sheng tunachapiwa. Lakini masharti ya kutufunga yanaandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kwa nini lugha itoshe kutuuzia isitoshe kutueleza? Ningependa kampuni zote zinazouza Kenya zilazimishwe kutoa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili rahisi wenye majibu ya maswali haya: ni nani anayeniuzia, naweza kurudisha kwa siku ngapi, kitu kiwe katika hali gani, nauli ya kurudisha ni ya nani, na pesa zangu zinarudi kwa njia gani. Wakiweza kutangaza ofa kwa sekunde 30 redioni, hayo pia wanaweza.

Tukingoja serikali tutazeeka. Mimi nimeanza kufasiri sehemu ya kurudisha bidhaa kutoka zile kurasa 19. Nimemaliza aya tatu, ya nne imenishinda. Mlezi wa chama ametukubalia nusu saa kila Alhamisi baada ya masomo, na tukimaliza atatusaidia kubandika kazi hiyo ubaoni na kutoa nakala za kupeleka kwa wenye maduka ya M-Pesa hapa Amagoro. Anayetaka kuja aje na kamusi, maana ya shule ni moja na jalada lake limetoka.