Fundi, sema ukweli kabla hujabadilisha kartimeri

Hapa Lubumbashi wakaaji wamezoea umeme kukatika. Kinachoua mashine ni pale umeme unaporudi: unaingia kwa ghafula na nguvu nyingi, na kompyuta ya ofisi, ya shule, au ya mama mwenye sekretaria pembeni ya barabara kule Katuba inanyamaza. Fundi anafungua, ananusa, anasema kartimeri imeungua. Anatafuta nyingine ya mtumba, anaifunga, mashine inawaka. Mteja analipa na kushukuru. Kisha, chini ya kioo upande wa kuume, yanatokea maandishi: « Activer Windows ».

Fundi alilijua hilo, au alipaswa kulijua, kabla ya kushika bisibisi. Na hakusema.

Tueleze kidogo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zinatoka kiwandani namba ya leseni ikiwa imeandikwa ndani ya kartimeri yenyewe. Ndiyo sababu ukifuta diski yote na kuweka Windows upya, haikuulizi namba. Kuongeza memori au kubadilisha diski kwa kawaida hakusumbui. Lakini ukibadilisha kartimeri, kwa Microsoft hiyo ni kompyuta nyingine, na leseni ya zamani imekufa pamoja na ile iliyoungua. Kuna nafasi moja tu: ikiwa kartimeri iliharibika na ukaweka ya aina ileile, ama ile kiwanda kinayoikubali badala yake, haki yako ya leseni inabaki. Ni wateja wangapi waliambiwa hivyo? Fundi anachukua aliyoikuta sokoni, ikiingia, basi.

Leseni iliyonunuliwa peke yake, mbali na mashine, yenyewe inaweza kuhamishwa. Na zile kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, nyingine zilikuwa na leseni ya kampuni nzima. Mashine imeuzwa, leseni imebaki kule.

Mteja akirudi kulalamika, fundi anatoa kifunguo chake cha USB chenye kraki. Kwanza anazima antivirusi, maana ingeikataa. Maandishi yanaondoka, kila mtu anafurahi. Hapo ndipo mimi ninaogopa. Sekretaria ndiyo mahali tunapopeleka kadi ya uchaguzi kwa fotokopi, diploma, karatasi za kiwanja, barua za kuomba kazi. Mwanafunzi analeta TFC yake kwenye kifunguo, anarudi nacho nyumbani kwa wazazi. Programu ambayo hakuna anayejua nani aliiandika imepewa ruhusa zote ndani ya mashine hiyo, na mlinzi amefukuzwa mlangoni. Mama wa sekretaria hajui chochote. Yeye alilipia matengenezo.

Microsoft nayo isijifiche. Windows 11 ya nyumbani, kwenye duka lao la Marekani, ni dola 139. Kwa mtu anayefanya kazi na kompyuta ya mtumba, hiyo ni karibu kununua mashine nyingine. Kanuni ya kufunga leseni kwenye kipande kinachoungua kwa sababu ya umeme inamwadhibu mtu ambaye alikwisha kulipa. Aliyelipa mara moja amelipa. Lakini Microsoft iko mbali, na fundi iko hapa kwetu, kwa hiyo ninaanza naye.

Ninaomba jambo dogo: kabla ya kufungua mashine, aseme leseni ni ya aina gani na itapotea ama hapana, na aandike kwenye faktura kartimeri gani ilitoka na gani iliingia. Mteja akichagua Ubuntu, ambayo hailipiwi na haijali kartimeri, ni sawa pia. Kwa kuandika na kuchapa, LibreOffice inatosha, ingawa faili za Word za wateja wakati mwingine zinavurugika mistari, na hilo pia lisemwe.

Wewe ambaye mashine yako ingali inawaka, usingoje. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli: ukiona OEM, leseni imefungwa kwa mashine, RETAIL, unaweza kuihamisha, VOLUME, ni ya kampuni fulani. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Windows kwa akaunti ya Microsoft, ili leseni iungane na jina lako. Tangu 2016 njia hiyo ipo: baada ya kubadilisha kipande, sehemu ya uamilishaji inakuruhusu kusema kwamba umebadilisha vifaa, na inaweza kukurudishia leseni. Lakini kuunganisha huko kunafanywa mashine ikiwa hai. Ikishaungua, umechelewa.