Bahari Bila Daftari

Agosti 1972, mjini Geneva, ujumbe wa Kenya uliwasilisha mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Sakafu ya Bahari rasimu ya ibara chache zilizokuja kubadili ramani ya dunia. Mwanzoni mwa mwaka huo, Lagos, mwanasheria Frank Njenga alikuwa ameitetea hoja hiyohiyo mbele ya wanasheria wenzake wa Asia na Afrika. Alitaka kila nchi yenye pwani iwe na haki juu ya samaki na mali nyingine za baharini hadi maili 200 za bahari, huku meli za mataifa yote zikiendelea kupita bila kuzuiwa. Sheria zilizokuwapo ziliandikwa mwaka 1958, sehemu kubwa ya Afrika ikiwa ingali chini ya wakoloni, na uhuru wa kuvua popote ulimfaa mwenye meli kubwa. Tarehe 10 Desemba 1982, hoja ile ilitiwa saini Montego Bay, Jamaika, ndani ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Tume iliyoandaa taasisi za Mkataba huo iliongozwa kwanza na Mtanzania, Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg.

Tunaanza na historia hii kwa sababu inatunyima kisingizio. Sheria ya bahari hatukuletewa na wageni; tulishiriki kuitunga. Kwa hiyo swali la toleo hili linatuhusu wenyewe: haki tuliyoipigania tumeifanyia kazi gani?

Hakuna kifungu cha Mkataba kinachosomwa kwa fahari kama kile kinachotupa maili 200. Vifungu vinavyokifuata husomwa mara chache. Ibara ya 61 inaiagiza nchi ya pwani ipange kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa katika ukanda wake wa kiuchumi, yaani ndani ya maili hizo 200, ikitumia taarifa bora za kisayansi ilizonazo. Ibara ya 62 inaitaka ipime uwezo wake wa kuvua, na ziada iwafungulie wengine kwa makubaliano. Ibara ya 69 inazipa nchi zisizo na bahari haki ya kushiriki kwa usawa katika sehemu ya ziada hiyo kwenye kanda za jirani zao. Maana yake Uganda na Rwanda zina neno la kusema kuhusu jodari wa Bahari ya Hindi, lakini haki yao inategemea hesabu ambayo sisi wa pwani tunapaswa kuifanya. Tusipohesabu, ziada haijulikani, na haki ya jirani inabaki maandishi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo inavyotokea. Jodari anaweza kuvuliwa kwa nyavu za kuzungushia ndani ya ukanda wetu, akashushwa Port Victoria, Shelisheli, akatiwa koponi na kusafirishwa Ulaya bila mkaguzi wetu kumwona. Tunachobaki nacho ni ada ya leseni na idadi iliyoandikwa na nahodha. Nchi inayopokea hesabu kutoka kwa mnunuzi wake haiwezi kujadiliana bei.

Kesi ya meli Tawariq 1 inafundisha zaidi. Machi 2009 ilikamatwa katika ukanda wa Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wale ambao wananchi waliwaita samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo. Ilikamatwa kwenye doria iliyofanywa kwa meli ya Afrika Kusini, ikiwa na wakaguzi wa nchi kadhaa za eneo hili. Ushirikiano ulifanikiwa pale ambapo nchi moja peke yake ingeshindwa. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa kesi kwa kasoro za utaratibu, na nahodha akaachiwa. Baharini tulishinda, tukashindwa kwenye jalada. Tukumbuke pia kwamba Ibara ya 73 hairuhusu kifungo kwa kosa la uvuvi katika ukanda wa kiuchumi, isipokuwa nchi husika zimekubaliana, na inataka meli na mabaharia waachiwe mapema wakiweka dhamana. Mwendesha mashtaka asiyeijua ibara hiyo anamwandalia mshtakiwa rufaa.

Somo la pili ni kuhudhuria. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa kubadilishana barua mwaka 1975 na 1976, zikauendeleza kwa mkataba wa 2009. Mpaka wa Kenya na Somalia ulifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014. Kenya haikushiriki katika usikilizwaji wa mdomo wa Machi 2021. Kesi iliendelea, na tarehe 12 Oktoba mahakama ikachora mstari wake. Kenya imeukataa uamuzi huo. Lolote msomaji atakalosema juu ya mstari wenyewe, kiti kitupu hakikumsaidia mvuvi wa Lamu.

Na meza zinaongezeka. Mkataba mpya wa kulinda viumbe wa bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, uliopitishwa Juni 2023, ulianza kutumika Januari 17, 2026. Unagusa karibu theluthi mbili ya bahari yote: maeneo ya hifadhi, tathmini za athari kwa mazingira, na mgawo wa faida itokanayo na vinasaba vya viumbe wa huko. Jodari hajui mpaka. Kitakachoamuliwa kule nje kitaonekana kwenye mshipi wa mvuvi wa Pemba na Kilwa.

Makala za toleo hili zinatofautiana katika mengi, nasi tumeziacha zibishane. Ila msimamo wa jarida tunauweka wazi. Mikataba ya uvuvi na orodha za leseni zichapishwe, ili bunge na wavuvi wajue nani anavua, kiasi gani, kwa malipo gani. Waangalizi wetu wapande meli za nje, na takwimu zao zifike kwa watafiti wetu kabla hazijafika kwa wanunuzi. Doria na taarifa zifanywe kwa pamoja, kama zilivyojaribu nchi nane za FISH-i Africa, ushirikiano wa kupambana na uvuvi haramu ulioanza 2012. Vyuo vyetu vifundishe sheria ya bahari kwa wanasheria, mahakimu na maofisa uvuvi, kwa Kiswahili pia, kwa kuwa wanaoishi kwa bahari hii wanaijadili kwa Kiswahili. Na katika kila ujumbe unaokwenda kuzungumzia samaki, awemo mvuvi.

Kizazi cha Njenga na Warioba kilikwenda mezani bila manowari wala meli kubwa za uvuvi. Kilikwenda na hoja iliyoandaliwa vizuri, na dunia ikakubali. Kazi iliyobaki ni ndogo kuliko ile, lakini ni ya kila siku: kupima, kuandika, kulinda, kuhudhuria. Serikali zetu zikiifanya, maili 200 zitakuwa zetu kweli.