Alama Moja, Sauti Nyingi

Mtoto wa Kijapani aingiapo darasa la kwanza hufundishwa alama 80 za maandishi yaitwayo kanji. Mojawapo ni hii: 生. Ina mistari 5 tu, na kuichora si kazi. Kazi ni kuisoma.

Asili yake ni picha ya chipukizi litokalo ardhini, nayo ilitoka Uchina. Wajapani walipoazima maandishi ya Wachina walikuwa na lugha yao, isiyo na udugu na Kichina. Waliipokea alama hii pamoja na sauti zake za kigeni, "sho" na baadaye "sei", kisha wakaibandika juu ya maneno yao wenyewe. Ndiyo maana husomwa "ikiru" kwa maana ya kuishi, "umu" kwa kuzaa, "haeru" nyasi au ndevu zikiota, na "nama" samaki akiwa mbichi. Mara nyingi herufi ndogo zinazoifuata humsaidia msomaji kujua ni neno lipi.

Mwalimu huitwa "sensei", na alama zake mbili zamtaja kuwa aliyetangulia kuzaliwa. Daktari naye huitwa hivyo hivyo, hata akiwa mdogo kwa mgonjwa wake!

Taabu kubwa imo katika majina, maana humo herufi za kusaidia hazimo. Taro Aso, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 2008 hadi 2009, huandika jina la ukoo wake kwa alama mbili, ya pili ikiwa hii yetu. Iko wilaya ya jiji la Kawasaki iandikwayo kwa alama zizo hizo, lakini yenyewe huitwa Asao. Mgeni atajuaje?

La kushangaza zaidi, daftari la serikali la familia liliandika alama za jina la mtu bila matamshi yake. Matamshi yalibaki vinywani mwa wazazi. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 26 Mei, 2025, na watu wakaletewa barua zenye matamshi yaliyokusudiwa kuandikwa. Aliyekuta jina lake limekosewa alipewa mwaka mmoja wa kusahihisha. Asiyejibu, yangeandikwa yale yaliyomo katika barua.