ZUNGUMZO NA FUNDI: Baiskeli ya Njia za Msituni

Mwezi huu tuzungumze juu ya baiskeli. Msomaji mmoja wa Wilaya ya Sikonge, Mkoa wa Tabora, ametuuliza swali. Yeye ni mfuga nyuki. Mizinga yake iko mbali msituni. Msimu huu ameuza asali, na fedha amezitunza. Anataka kununua baiskeli. Mke wake ni mjamzito, na zahanati haiko karibu. Kwa hiyo baiskeli hiyo itabeba asali, na itambeba mama.

Dukani ameonyeshwa baiskeli mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi, nzito, ya mtindo wa zamani. Ya pili ni ya rangi nyekundu inayong'aa. Ina gia, matairi mapana, na shokapu mbele. Watu huiita "mauntini", maana yake baiskeli ya milimani. Bei zao hazipishani sana. Anauliza: achukue ipi?

Swali hili ni kubwa. Fedha ya msimu mzima ikipotea, hairudi mpaka nyuki watengeneze asali tena. Basi tulijibu polepole.

MZIGO WA WAPAGAZI WAWILI

Kwanza tukumbuke njia zetu. Zamani njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tura, Rubuga na Kigwa, ikafika Tabora. Kutoka Tabora iliendelea mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wageni wawili Waingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857. Walifika Tabora mwezi wa Novemba. Walitembea miezi minne na zaidi.

Mizigo ilibebwa na watu. Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikaisha. Lakini njia za miguu za msituni hazikuisha. Mpaka leo tunapita humo.

Sasa tupige hesabu. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ina kilo 28. Ndoo mbili ni kilo 56. Huo ni karibu mzigo wa wapagazi wawili, nao umekaa juu ya magurudumu mawili. Ongeza na mwendeshaji mwenyewe. Je, unaona kazi ya baiskeli hiyo?

Tena njia zenyewe si laini. Wakati wa kiangazi kuna mchanga mwingi. Wakati wa masika, kwenye mbuga, kuna tope jeusi linalonata. Msituni kuna visiki, mizizi na miiba. Basi usichague baiskeli kwa kuiangalia ilivyo dukani. Ichague kwa kuifikiria ikiwa njiani na mzigo.

Tutaangalia vitu vitatu: fremu, uma wa mbele, na magurudumu. Vitu vingine, kama kiti na kengele, unaweza kubadilisha baadaye kwa fedha kidogo. Hivi vitatu ndivyo baiskeli yenyewe.

1. FREMU

Fremu ni mifupa ya baiskeli. Ziko fremu za chuma, na ziko za aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi, na haishiki kutu kama chuma. Lakini ikipasuka, kuichomea kunahitaji mitambo maalumu na ujuzi maalumu. Mchomeaji wa kijijini hawezi. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kawaida mwenye mashine ya kuchomea anaweza kuiunga.

Nina jirani yangu aliyenunua fremu ya aluminiamu, akaifunga keria, akapakia ndoo mbili. Miezi michache ikapita. Siku moja, akielekea mjini, fremu ilipasuka pale nyuma, karibu na ekseli, mahali keria ilipofungwa. Ndoo moja ilipasuka, asali ikanywewa na mchanga. Alitembea akisukuma chuma na mzigo mpaka jioni. Alipofika kwa mchomeaji, aliambiwa: "Mzee wangu, hii siiwezi." Fremu ile sasa imetundikwa ukutani kwake.

Utajuaje kama fremu ni ya chuma? Chukua sumaku. Hata ile ya spika ya redio mbovu inafaa. Iguse kwenye fremu. Ikinata, ni chuma. Isiponata, yaelekea ni aluminiamu. Usione haya kwenda dukani na sumaku. Fedha ni yako.

Kama baiskeli ni ya mtumba, pitisha kidole chini ya bomba lile linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali. Angalia karibu na usukani. Ukikuta rangi imekunjamana, au bomba limevimba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Angalia pia kila kiungo. Ufa mdogo kama unywele, wenye mstari wa kutu, ni ufa utakaokua.

Tena pima kimo. Simama, bomba la juu likiwa katikati ya miguu yako, na nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati ya mwili wako na bomba ibaki nafasi ya vidole vinne au zaidi. Ukisimama ghafla kwenye kisiki, nafasi hiyo itakuokoa na maumivu. Kama mama au binti naye ataiendesha, fikiria fremu ya kike yenye bomba lililoshuka. Ni rahisi kupanda na kushuka ukiwa umevaa kitenge. Lakini fremu hiyo hupinda zaidi kwa mzigo mzito, basi ipunguzie mzigo.

2. UMA WA MBELE

Uma wa mbele ni ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Uko uma mgumu, na uko uma wenye shokapu. Shokapu ina springi ndani. Ukipita kwenye shimo, springi hubonyea, na mikono yako haiumii.

Wengi hufikiri uma mgumu ni wa kizamani, na baiskeli ya milimani bila shokapu si kitu. Hebu tusikie historia. Baiskeli za milimani zilianza katika jimbo la California, Marekani, miaka ya 1970. Vijana walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi mapana, wakateremka nazo mlima uitwao Tamalpais. Mwaka 1977 fundi mmoja, Joe Breeze, alitengeneza fremu mpya kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli ya namna hiyo kwa wingi. Zote hizo zilikuwa na uma mgumu. Shokapu zilianza kuuzwa kwa wingi baadaye, karibu na mwaka 1990. Basi uma mgumu ulitosha milimani kwa miaka mingi.

Shokapu nzuri ni ghali sana. Shokapu ya bei ndogo ni nzito. Huzidi uma mgumu kwa kilo moja na zaidi. Vumbi na tope huingia ndani. Baada ya muda hukwama, au hulegea ikawa inacheza. Vipuri vyake ni shida kupata kijijini. Tena ukipanda mlima umesimama juu ya pedali, nguvu yako nyingine huishia kubonyeza springi.

Kama baiskeli uliyoipenda ina shokapu, ijaribu hivi. Shika breki ya mbele. Sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia inagonga "ko, ko", kuna kitu kimelegea. Halafu bonyeza usukani kwa uzito wako, uachie. Inapaswa kushuka na kupanda bila kukwama. Angalia zile fimbo zinazoingia ndani. Zikiwa na kutu au mikwaruzo, shokapu imekwisha.

Wengine huitoa shokapu na kuweka uma mgumu. Ni wazo zuri, lakini kuna jambo la kuangalia. Uma wenye shokapu ni mrefu. Ukiweka uma mfupi, mbele hushuka, pedali hukaribia ardhi, na usukani huwa mwepesi mno. Pima urefu kabla ya kununua.

3. MAGURUDUMU

Magurudumu ndiyo yanayobeba kila kitu. Inua gurudumu na ulizungushe. Tazama ringi inavyopita kwenye breki. Ikiyumba kushoto na kulia, haijanyooka. Halafu shika tairi, ulitikise kwa ubavu. Likicheza, gololi zimelegea au zimeisha.

Gusa spoki, moja moja, kwa ukucha au kijiti. Za upande mmoja zinapaswa kulia karibu sawa. Ile inayolia kama kitu kilichokufa imelegea. Spoki moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake, na zitakatika. Ni kama kazi ya ujamaa: mmoja akikaa, wengine huumia.

Hesabu spoki za nyuma. Baiskeli nyingi nzito za zamani zina 40 nyuma na 32 mbele. Baiskeli nyingi za milimani zina 36 au 32. Kwa mzigo wa ndoo mbili, usikubali chini ya 36 nyuma.

Ringi za chuma ni imara, lakini zikilowa maji breki huteleza. Ringi za aluminiamu hushika breki vizuri zaidi wakati wa mvua. Ukiwa na ringi za chuma, anza kufunga breki mapema kabla ya kufika mteremkoni.

Tairi pana hufaa kwenye mchanga, kwa sababu halizami upesi. Lakini angalia nafasi kati ya tairi na uma, na kati ya tairi na fremu. Kidole kimoja kipite kila upande. Kisipopita, tope la mbuga litaziba, na gurudumu litakataa kuzunguka.

SOMA NAMBA ZA TAIRI

Ndugu msomaji, hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Mimi mwenyewe, kabla sijawa fundi, nilikwenda mjini kununua tairi. Nilijua gurudumu langu ni "ishirini na sita". Nikaomba la ishirini na sita, nikapewa. Nilipofika nyumbani, tairi halikuingia. Nilitoka jasho, nikavunja hata mpini wa kijiko. Kumbe ziko 26 za namna nyingi!

Tazama ubavuni mwa tairi. Utaona namba ndogo mbili zenye kistari katikati. Kwa mfano:

26 × 2.125 huandikwa pia 57-559.
26 × 1⅜ huandikwa pia 37-590.
28 × 1½ huandikwa pia 40-635.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Upana unaweza kupishana kidogo. Namba ya pili haikubali kupishana hata kidogo. Tairi la 590 halikai kwenye ringi ya 559, hata kama yote mawili yameandikwa 26. Andika namba yako kwenye karatasi, uiweke pamoja na fedha.

JIBU LETU

Basi, ndugu yetu wa Sikonge, jibu letu ni hili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usinunue rangi wala shokapu. Kwa ndoo mbili za asali, chukua fremu ya chuma, uma mgumu, na gurudumu la nyuma lenye spoki 36 au zaidi. Ile nyeusi nzito inakufaa. Kama mchanga wa kwenu ni mwingi mno, tafuta mauntini ya chuma yenye uma mgumu na matairi mapana. Gia zake zitakusaidia milimani, lakini kile kipuri cha gia cha nyuma huning'inia chini. Kilinde na vijiti na tope.

Ndoo zifunge ubavuni, moja kila upande, si juu ya keria. Mzigo wa chini hauyumbishi. Jaza upepo wa kutosha. Tairi laini husaidia kwenye mchanga ukiwa mtupu, lakini ukiwa na mzigo, mpira wa ndani hubanwa kati ya ringi na jiwe, ukatoboka matundu mawili kwa mara moja.

Na juu ya mama: baiskeli impeleke kliniki mapema, siku za kawaida, njia ikiwa kavu na mwendo wa pole. Msisubiri uchungu uanze ndipo mtafute pampu. Siku zikikaribia, tafuteni ndugu anayekaa karibu na zahanati, mama akae huko. Baiskeli ni msaidizi mzuri, lakini si gari la wagonjwa.

Njia yenu njema.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ndoo tatu za asali za lita 20 zina kilo ngapi? Je, baiskeli yako inafaa kuzibeba?
2. Kwa nini fremu ya chuma inafaa kijijini kuliko ya aluminiamu?
3. Soma namba za tairi la baiskeli iliyo karibu nawe. Namba ya pili ni ngapi?
4. Zungusha gurudumu la nyuma la baiskeli hiyo. Je, limenyooka? Gusa spoki zake. Ngapi zimelegea?