UCHAMBUZI: Kuingia ni kubonyeza 1, kutoka ni safari. Nani anazilinda skrini zetu?

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Voi alinipigia simu asubuhi na mapema. Hata salamu hakumaliza. "Mwanangu, hii simu imeanza kuniibia. Naweka kredi ya Sh20, nikiamka nakuta Sh10."

Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe. Haina apu, haina hata kamera ya maana. Nikamuuliza kama kuna kitu alibonyeza. Akasema hapana. Nikauliza tena polepole, ndipo akakumbuka: siku moja akiwa sokoni, kisanduku kilijitokeza kwenye skrini na kufunika nambari aliyokuwa akiandika. Akakiondoa. Alikiondoa vipi? "Si nilibonyeza pale penye OK!"

Basi hapo ndipo alipojiunga. Kubonyeza mara moja tu, Sh10 kila siku. Huduma yenyewe ilikuwa ya kumtumia utabiri wa mechi za ligi ya Uingereza. Shangazi hajui kama Arsenal ni timu au ni dawa ya mifugo.

Kumtoa kulichukua siku sita. Kwanza tulitafuta huduma ile inaitwaje, kwa sababu jina lililo kwenye ujumbe silo lililo kwenye makato. Kisha tukaambiwa atume neno la Kiingereza kwa nambari fulani fupi. Akatuma kwa herufi ndogo, hakujibiwa. Akatuma kwa herufi kubwa, akaambiwa ajaribu baadaye. Mwishowe mhudumu mmoja alimtoa kwa dakika mbili, baada ya shangazi kusikiliza muziki wa kusubiri kwa karibu nusu saa.

Nikikiri ukweli, mwanzoni nilicheka. Vijana wengi tungecheka. Tunaita ushamba, tunasema wazee hawasomi kabla ya kubonyeza. Lakini ebu fikiria: kile kisanduku kilikuja wakati gani, kilifunika nini, na kitufe gani kiliwekwa mahali ambapo kidole gumba hufika chenyewe? Hayo yote yaliamuliwa na mtu aliyeketi ofisini, akalipwa kuyaamua.

Mwaka wa 1988 Don Norman, mtaalamu wa saikolojia kutoka Marekani, alichapisha kitabu kuhusu vitu tunavyotumia kila siku. Mfano wake uliopata umaarufu ni mlango. Mtu akisukuma mlango unaofaa kuvutwa, alisema, makosa ni ya aliyeuunda, kwa kuwa mlango wenyewe ulimwonyesha mtu asukume. Nenda jengo lolote lenye milango ya vioo katikati ya Nairobi, ukae nje dakika kumi, utaona ninachosema. Watu wenye digrii zao wanapigana na kishikio.

Norman alizungumzia zaidi ubunifu mbaya wa bahati mbaya. Miaka 22 baadaye, mnamo 2010, Mwingereza Harry Brignull alianza kukusanya mifano ya ubunifu mbaya wa makusudi: kurasa zilizoundwa ili ufanye usichokusudia. Hapa tuite mitego ya skrini. Mmoja wa mitego aliyoieleza ndio uliomnasa shangazi: ni rahisi kuingia, ni taabu kutoka.

Kampuni zina jibu la siku zote. Masharti yapo, mteja yuko huru kuyasoma, hakuna aliyelazimishwa. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama hatungekuwa na ushahidi kutoka hapa hapa Kenya.

Miaka kama kumi iliyopita, watafiti wa shirika la CGAP na kituo cha Busara cha Nairobi walifanya majaribio kuhusu mkopo wa simu ulioitwa Kopa Cash. Mikopo ya aina hiyo hupita kwenye menyu ya simu, ile unayoifungua kwa nyota na reli. Skrini moja ya menyu hiyo hubeba takriban herufi 182 tu, na ukichelewa kujibu inakatika. Kwa hivyo kila neno lina bei, na mpangilio wa chaguo ni kila kitu. Masharti yakiwekwa mwisho wa menyu, mbali na mahali pa kuchukua pesa, ni waombaji asilimia 9.5 tu waliyafungua. Watafiti wakayasogeza hadi pale mtu anapokaribia kukubali, wakamtaka achague waziwazi: soma au endelea. Waliofungua wakapanda hadi asilimia 23.8. Watu walikuwa wa aina ile ile na mkopo ni ule ule. Kilichohama ni mstari mmoja.

Kuna la pili ambalo mimi huliona kubwa zaidi. Walipotenganisha gharama ya mkopo na pesa zenyewe, yaani mtu aone umekopa hiki na utalipia hiki, badala ya kuonyeshwa jumla moja, kiwango cha walioshindwa kulipa kilishuka kutoka asilimia 29.1 hadi 20. Kumbe skrini iliyo wazi humsaidia hata mkopeshaji.

Na serikali ilielewa somo hilo. Mwaka wa 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoaji wote wa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja gharama kabla hajakamilisha muamala. Tafakari kidogo uzito wa agizo hilo. Halikugusa riba wala leseni. Liligusa skrini: kitu fulani kionekane, mahali fulani, kabla ya kitu kingine. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba mambo ya vitufe na visanduku ni madogo mno kwa sheria. Tulishayawekea agizo.

Kilichofuata kimeegemea upande mwingine. Mwaka wa 2022 Benki Kuu ilipata kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, baada ya kilio cha Wakenya waliopigiwa mama na bosi wao kwa sababu ya deni la Sh2,000. Kuanzia Mei 31, 2023 Google ilipiga marufuku apu za mikopo kuchukua orodha ya watu kwenye simu ya mkopaji pamoja na picha zake. Kisha sheria iliyopitishwa Desemba 2024 ikaongeza idadi ya wakopeshaji walio chini ya Benki Kuu, wakiwemo wanaokuuzia bidhaa sasa ulipe baadaye. Kufikia katikati ya 2025 wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni walikuwa zaidi ya 120. Hizo ni hatua nzuri na sitazibeza. Aliyewahi kutukanwa na wakala wa kudai madeni anajua thamani yake.

Ila zote zinauliza nani anakopesha, kwa bei gani na anachukua data gani. Hazihesabu hatua za kutoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakaribia: inasema mtu aliyetoa idhini ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Wakati wowote, sawa. Lakini kwa vitufe vingapi? Kwa lugha gani? Kwa simu yenye kredi au bila? Shangazi alikuwa na haki hiyo siku zote sita.

Wengine wamelishughulikia hilo. Ujerumani, tangu Julai 1, 2022, kampuni inayokuandikisha mkataba wa kulipia mara kwa mara mtandaoni lazima iweke kitufe cha kuuvunja kwenye tovuti hiyo hiyo, kimeandikwa waziwazi na kinafikika kwa urahisi. Marekani nako, Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya tume ya biashara ya serikali, iliyodai kwamba kampuni hiyo iliwaandikisha watu kwenye huduma yake ya Prime bila idhini ya kweli na kufanya kujitoa kuwe kugumu. Amazon haikukiri kosa. Lakini kuna jambo dogo kwenye kesi ile ambalo sijalisahau: ndani ya kampuni, njia ya kujitoa ilipewa jina la Iliad, kama utenzi mrefu wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy. Walijua ni ndefu. Waliifanyia hadi mzaha.

Sasa nije kwetu vijana, maana hapa tuko pande zote mbili za meza.

Upande mmoja sisi ndio mafundi wa familia. Kila ukirudi nyumbani unapewa simu tatu uziangalie. Upande wa pili, wengi wetu tunasomea kazi hii hii, tunachora skrini hizi, tunaandika yale maneno machache ya kwenye kisanduku. Na kazini tunapimwa kwa idadi ya waliobonyeza "Kubali". Sijawahi kusikia mbunifu aliyepandishwa cheo kwa sababu watu wengi waliweza kughairi haraka. Mpaka mizani hiyo ibadilike, kumwambia mbunifu mchanga mwenye kodi ya kulipa pale Kasarani awe na utu ni kumtwika mzigo usio wake. Ndiyo maana nasema Mamlaka ya Ushindani irudi palepale ilipoanzia 2016 na kuongeza kipengele kimoja: huduma yoyote ya simu inayokata pesa iwe na njia ya kujitoa yenye hatua zisizozidi za kujiunga, kwa menyu ile ile na lugha ile ile, bila malipo.

Nimeongea na rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kampuni moja ya apu, akanipinga. Anasema ukiongeza maonyo kila mahali watu watachoka, watabonyeza tu bila kusoma. Tena anasema M-Pesa ilishika tangu 2007 kwa sababu mtu yeyote angeweza kuituma akiwa amesimama stejini. Ni kweli, na mimi sitaki maonyo zaidi. Lakini hiyo hiyo M-Pesa ilikuja kuweka Hakikisha, inayokuonyesha jina la unayemtumia ili usimamishe kama siye. Hatua hiyo inakuchelewesha sekunde chache, na sijasikia mtu akidai iondolewe. Kuchelewesha mtu kidogo anapotoa pesa ni jambo moja. Kumchelewesha siku sita anapotaka kuacha kutoa ni jingine kabisa.

Shangazi naye amejitungia sheria yake. Kisanduku chochote kikitokea, anazima simu. Wiki jana alizima akiwa katikati ya kutuma mchango wa chama, kwa sababu kilitokea kisanduku ambacho safari hii kilikuwa cha kweli, cha kuthibitisha tu. Pesa hazikuenda, na hakujua hadi jioni. Wenzake walimtoza faini ya Sh50.