Tui la Siam na Kifumbu cha Kwetu

Jambo linalonistaajabisha siku hizi ni kumwona mtu wa Pwani akiona haya kukuna nazi mbele ya mgeni, kisha huyo huyo akaingia hoteli kubwa, akalipa fedha nyingi kwa bakuli moja la tui la Kithai, akalisifu njia nzima hadi nyumbani. Simlaumu kwa kulipenda. Namlaumu kwa kudhani kwamba chakula kile ki mbali naye.

Supu yenyewe huitwa tom kha gai. Tom ni kuchemsha, gai ni kuku, na kha ni ule mzizi wa jamaa ya tangawizi ambao Waarabu huuita khulinjani. Jina latuonyesha kwamba mwenye nyumba ni mzizi, na kuku ni mgeni wake.

Wapo watakaouliza kama ni halali, na ni haki yao kuuliza. Kusini mwa Thailand, katika majimbo ya Pattani, Yala na Narathiwat, Waislamu ndio wengi, nao ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi kama sisi. Kuku na achinjwe kwa Bismillahi. Ama ile chupa ya nam pla, yaani maji ya samaki, hutokana na samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi miezi mingi, na harufu yake haimshtui aliyezoea ng'onda. Soma karatasi iliyobandikwa chupani. Ukiingiwa na shaka, chumvi yatosha.

Twaa nazi mbili, uzikune, ukamue tui zito na kuliweka kando, kisha ukamue la pili. Hilo la pili ndilo la kutangulia motoni, pamoja na mashina matatu ya mchaichai yaliyopondwa, vipande sita vyembamba vya khulinjani na majani machache ya mndimu. Yakisha kutoa harufu, tia nusu kilo ya minofu ya kuku iliyokatwa midogo midogo, na uyoga kama unaupata. Nyama ikiiva, mimina tui zito kwa moto wa taratibu, ukiteka na kumimina kwa upawa kama mama zetu wafanyavyo, lisije likakatika. Epua. Hapo ndipo utie ndimu, maji ya samaki, sukari kidogo, pilipili iliyopondwa na kotmiri. Ndimu haingii chungu kikiwa motoni.

Sasa nasema lililonikaa moyoni. Mkono wa mpishi wa kwetu ni mwepesi kwenda kwenye bizari. Atakaanga kitunguu, atatia nyanya, atatia manjano, na mwisho atakuwa amepika kuku wa nazi, chakula kizuri mno, ila sicho alichokusudia. Supu hii ni nyeupe, na ladha yake i katika uchachu na harufu. Tangawizi nayo si khulinjani: moja ina moto, nyingine ina harufu baridi. Ukikosa khulinjani tia tangawizi, lakini ipe supu yako jina jingine.

Kosa la pili ni tui la kopo. Dukani yamejaa makopo yaliyosafirishwa kutoka Thailand, nayo yanauzwa katika mji wenye minazi! Aishiye bara na ayanunue, ana udhuru. Lakini mwenye mbuzi na kifumbu jikoni, tui lake ni bichi, limekamuliwa saa ile ile, na hilo la kopo haliwezi kulikaribia. Nusu ngumu ya mapishi haya anaijua tangu utotoni, na bado ataka kufundishwa na kopo.

Waambie watoto wasitafune mchaichai wala vipande vya mzizi; huachwa bakulini. Wathai huila supu hii pamoja na wali, hawainywi kwanza kama Waingereza. Wali huo uwe mweupe wa maji, usitiwe nazi, maana tui juu ya tui hukinaisha.